Usimwambie Bibi

Kila asubuhi, kabla jua halijaupunguza ubaridi wa Debre Birhan, mji wa milimani Ethiopia, Bezawit alikuwa ameshateka maji, ameshawasha jiko la mkaa na ameshamkaangia bibi yake shayiri ya kutafuna. Kisha, bibi alipokuwa uani akinawa uso, Bezawit alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, akaweka simu sikioni na kumsikiliza mama yake.

Mama yake, Fikirte, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za ndani, mwaka wa tatu sasa. Tajiri wake alimruhusu kushika simu Jumapili tu, kwa hiyo siku hiyo alipiga kumsalimu bibi, kisha akarekodi barua ya sauti na kumtumia binti yake. Bezawit alizihifadhi zote kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Simu yake ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka, lakini akaunti ile ingeweza kufunguliwa kwenye simu yoyote, mradi mtu alijue neno la siri.

Barua ya Jumapili moja ilikuwa nzito. Mama alisema amenyang'anywa pasipoti, analala sakafuni jikoni, na mguu umemvimba lakini hapelekwi hospitali. Alisema huku analia. Mwishoni alivuta pumzi, akasema, "Usimwambie bibi. Presha yake itapanda. Nakuambia wewe kwa sababu umeshakuwa mkubwa." Mkubwa mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Bezawit aliibeba siri ile wiki nzima, akala nayo, akalala nayo, wala hakumwambia mtu.

Jumatatu wakati wa mapumziko, alikuwa anaelekea bombani kunywa maji alipoona wenzake wamekusanyika, vichwa vyao vimeinamia kitu kimoja. Wanacheka. Akasogea. Kutoka katikati ya lile kundi akasikia sauti anayoijua kuliko sauti zote duniani. Ilikuwa inalia. Kisha ikasema, "Usimwambie bibi."

"Rudisha, rudisha hapo," mmoja akasema, na mwenye simu akarudisha.

Mwenye simu alikuwa Abenezer, mchekeshaji wa darasa la saba, kijana ambaye hata walimu walimpenda kwa maneno yake. Alipomwona Bezawit hakuona haya hata kidogo. Akaiga kilio cha mama mtu mzima, akajifuta machozi ya uongo kwa ncha ya sweta. Kundi zima likaangua kicheko.

Mpaka kengele ya jioni, maneno yale yalikuwa yameshakuwa wimbo wa shule. Mtoto akivunja penseli, wanamwambia, usimwambie bibi. Mwingine akianguka kwenye matope, usimwambie bibi. Sasa niambieni, wasomaji wangu, huo ni utani wa aina gani? Mtu anafua nguo za watu mguu umevimba, analia mbele ya mtoto wake peke yake, halafu kilio chake kinageuzwa kichekesho cha bombani. Mimi ninayewasimulia, mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Bezawit alipofika njiani alitoa simu afungue akaunti yake. Ikamjibu kwamba neno la siri si sahihi. Akaandika tena polepole, herufi kwa herufi. Si sahihi. Mara ya tatu akaelewa. Aliyeingia alikuwa ameshabadilisha neno la siri na kumfungia nje. Barua zote za mama, za miaka mitatu, zilikuwa ndani, na ufunguo alikuwa nao mtu mwingine.

Akarudi shuleni mbio. Mwalimu Getahun, makamu wa mkuu wa shule, alikuwa ofisini anasahihisha madaftari. Alimsikiliza bila kuinua kichwa. Akasema watoto hutaniana tangu dunia iumbwe, na wiki ijayo watakuwa wameshasahau.

"Na kwani mama yako amefanya kosa?" akauliza. "Hajafanya. Sasa kama hakuna kosa, unaficha nini? Wahenga walisema, mficha uchi hazai."

Hasira zilimpanda Bezawit. Alikuwa ameibiwa yeye, na sasa anaulizwa yeye. Akatoka nje.

Aliyemkuta ukumbini ni Mwalimu Selamawit, mwalimu wa kompyuta, anafunga mlango wa darasa lake. Yeye hakumwambia asahau. Alimkalisha, akamwuliza maswali machache, la kwanza likiwa ni nani mwingine anayelijua neno lake la siri.

"Hakuna, Mwalimu. Naapa. Ni jina langu la ubatizo."

Kwao, katika kanisa la Kiorthodoksi, padri akimbatiza mtoto humpa jina la pili. Jina hilo haliitwi barabarani wala haliandikwi kwenye daftari la shule. Ni la kuombewa na la kuungamia, basi. Rafiki yako wa kufa na kuzikana anaweza asilijue. Ndiyo maana Bezawit aliona hakuna neno salama kuliko hilo, akalitumia kila mahali. Mama, bibi na padri, wanaolijua ni hao tu.

Mwalimu Selamawit akaguna. Akasema nusu ya shule imefanya hivyohivyo, na hata yeye alipokuwa chuoni alikuwa na akili hizohizo. Kisha akashtuka, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

"Bibi yako yumo kwenye chama cha kinamama wa Bikira Maria?"

"Yumo."

"Na hii Kwaresima, hawakuombwa kupeleka majina ya kuombewa?"

Walikuwa wameombwa. Zamani kila mama alimnong'oneza padri majina ya watu wake sikioni. Mwaka huu chama kilikuwa na kundi lake kwenye simu, watu mia moja na arobaini, na majina yalipelekwa humo. Katibu wa chama, aliyeyakusanya, alikuwa Bi Aster. Na Bi Aster ni mama yake Abenezer.

Bezawit alifika nyumbani amewaka moto. Bibi Zenebech alikuwa barazani anasokota pamba, pia ya kusokotea ikizunguka vidoleni mwake.

"Bibi, umelitangaza jina langu."

"Nimekuombea," bibi akasema bila wasiwasi. "Una mtihani. Sijui kuandika kwenye hilo dude, kwa hiyo nikasema kwa mdomo. Nikasema, mwombeeni Bezawit wangu, jina lake la ubatizo Welete Tsion."

"Ni langu! Kwa nini hukuniuliza?"

Bibi akaiweka chini ile pia yake. Akaanza kusema kwamba jina ni yeye aliyekuwepo lilipotolewa, na mtoto haombi ruhusa ya kuombewa, lakini alipoutazama uso wa mjukuu wake akaacha. Akamwuliza taratibu jina lile limemletea nini.

Hapo Bezawit akanasa. Bila kusema kilichoibwa, asingesaidiwa. Akikisema, amevunja ahadi ya mama, na presha ya bibi je? Akasimama pale akikunja ncha ya shali, mpaka machozi yakamtoka. Hatimaye akasema yote, pasipoti, mguu, sakafu ya jikoni, na kicheko cha bombani.

Bibi Zenebech hakuanguka. Hata hakushika kifua. Akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa Fikirte. Kila Jumapili ananiambia hajambo, na kila Jumapili najua ananidanganya. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Wewe umebeba mzigo usio wa kimo chako, mwanangu. Lakini wale waliocheka," akainuka, "wale nitawaona kesho."

Kesho yake saa mbili asubuhi bibi alikuwa ofisini kwa Mwalimu Getahun, amejitanda shali lake jeupe la kanisani. Mwalimu Selamawit alikuwepo. Bi Aster aliitwa, akaja na Abenezer. Kijana alikana mara moja tu. Mama yake alipomtazama, akasema kweli. Alikuwa ameshika simu ya mama yake acheze, akasikia ile sauti ya bibi kwenye kundi. Alijua wenzake wengi hutumia jina la ubatizo, akajaribu, mlango ukafunguka. Akasema alitaka kuona tu. Alipoona, akataka na wengine waone. Neno la siri alilibadilisha ili Bezawit asiwahi kufuta.

Bi Aster aliinamisha kichwa kwa fedheha. Mwalimu Getahun akakohoa. Akasema kosa ni kosa, lakini tusilikuze, maana hakuna kilichovunjika, na ile sauti haikuwa na jambo la aibu, na mtu asiye na la kuficha hana la kuogopa. Akaanza tena ile methali yake.

"Mficha uchi hazai, nimeisikia," bibi akamkata. "Lakini uchi huonyeshwa mkunga, Mwalimu. Hauonyeshwi sokoni."

Bibi akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako."

"Simu yangu, Mama?"

"Wewe si mwizi wala si mzinzi, ni mtu mwema, mji mzima unajua. Basi huna la kuficha. Mpe Abenezer atusomee unayoandikiana na mkeo."

Mwalimu Getahun, mkono wake wenyewe, bila kuambiwa na mtu, uliiondoa simu mezani na kuitia mfukoni. Mwalimu Selamawit akageuka dirishani, nadhani alikuwa anacheka.

"Umeona?" bibi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Hukuificha kwa sababu ina uovu. Umeificha kwa sababu ni yako. Mwanangu alilia kwa mtoto wake. Kilio kile kilikuwa chao wawili. Mimi mwenyewe nisingekisikia bila ruhusa yao. Na wewe, Abenezer, baba yako yuko wapi?"

Abenezer akajibu kwa sauti ndogo kwamba yuko safarini, anaendesha lori.

"Akikupigia akalia kwamba lori limemshinda na amechoka, utapenda nimwalike nani aje kusikiliza?"

Kijana macho yalimjaa maji, na safari hii hayakuwa ya kuigiza.

Mwalimu Getahun hakurudia methali yake. Alimwambia Bezawit, mbele ya wote, kwamba jana alimkosea kwa kumwuliza yeye badala ya kumwuliza mwizi. Akatoa adhabu, na ilikuwa ya haki. Abenezer alitoa neno jipya la siri hapohapo. Kisha alipelekwa kwa kila mwanafunzi aliyemtumia ile sauti, mmoja baada ya mwingine, aombe ifutwe mbele ya macho yake. Walikuwa ishirini na sita. Wanne walisema wameshawatumia ndugu zao wa miji mingine, na huko hakuna aliyeweza kuwafikia. Maji yakimwagika hayazoleki. Bezawit alipopewa habari hizo alikaa chini kwenye ngazi akalia, na Abenezer alisimama mbele yake hajui pa kuweka mikono.

Barua zote zilikuwa salama. Mwalimu Selamawit alimwonyesha Bezawit jinsi ya kutengeneza neno refu la siri kwa kuunganisha maneno manne yasiyohusiana na jina lake, siku yake ya kuzaliwa wala kanisa lake, na jinsi ya kuweka kufuli la pili linalodai namba inayotumwa kwenye simu yake kila mtu mgeni anapojaribu kuingia. Wiki ile somo la kompyuta kwa madarasa yote lilikuwa hilohilo. Alipouliza ni nani anatumia jina la ubatizo, mikono ilipanda mingi, ukiwemo wa Abenezer.

Jumapili mama alipopiga, Bezawit alimweleza yote mwenyewe, akamwomba radhi. Kisha akamwuliza kama anaweza kumpa bibi simu, safari hii amweleze kweli. Fikirte akasema mpe. Walizungumza muda mrefu, na bibi hakumficha mwanawe kwamba amekasirika. Alimwambia yuko mama mwenzake wa chama, binti yake anafanya kazi mji uleule na anawajua watu wanaowasaidia wafanyakazi walionyang'anywa pasipoti. "Nimwambie, au nisimwambie?" akauliza. Fikirte akasema mwambie. Kabla ya Pasaka alikuwa ameshapelekwa hospitali, na pasipoti yake alikuwa nayo mkononi.

Tarehe ishirini na moja, siku ya Bikira Maria na ya mkutano wa chama, bibi Zenebech alijitanda shali lake, akafika mlangoni, akarudi.

"Padri anataka majina ya Juma Kuu," akasema. "Safari hii ni kwa mdomo, sikioni mwake, nimewaambia wote. Lako nipeleke au nisipeleke?"

Bezawit alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa, na aliona si swali la kujibiwa haraka.

"Peleka, bibi."

"Vyema. Jina ni la kuombewa, mwanangu, si la kufungia mlango. Mimi nilikosea kulitangaza bila kukuuliza, na wewe ulikosea kulifanya ufunguo. Kilicho chako, usione haya kukilinda, hata kama hakina ubaya wowote. Na cha mwenzako, hata ukikuta mlango wazi, gonga kwanza." Akavaa viatu, kisha akamtazama kwa jicho la pembeni. "Na hilo neno lako jipya, umeweka nini?"

"Bibi, hata wewe sikuambii."

Bibi Zenebech akacheka mpaka akashika mlango. Akasema sasa anaweza kwenda zake kanisani moyo wake umetulia, akaenda.