Sabuni Iliyouma Ulimi

Kila alipotoka shule, Kiherehere alivua sare na kuingia kwenye karakana ya sabuni ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na shangazi mwenyewe, likamganda. Siku moja waliikata sabuni ya jana, wakakipiga kila kipande muhuri wa mbao ulioachwa na babu, kisha wakavipanga vipande kwenye rafu ya juu.

"Hizi usimpe mtu. Hazijaiva," shangazi alisema, akatoka kwenda kutafuta kuni.

Kiherehere alibaki ameduwaa. Hazijaiva vipi? Si zilichemka jana kutwa, hadi moshi ukamtoa machozi? Alikigeuza kipande huku na huku. Kilikuwa kigumu na kina muhuri. Labda shangazi alikuwa anamtania tu, kama kawaida yake.

Mara akaingia fundi cherehani wa jirani, mtoto mchanga mgongoni. "Mwanangu, nipatie sabuni nikamwogeshe huyu."

Rafu ya chini, ya sabuni za kuuza, ilikuwa tupu. Kiherehere alisita, kisha akampa kipande cha rafu ya juu.

Shangazi aliporudi, aliliona pengo papo hapo. "Kimoja kiko wapi?"

Kiherehere alitamani kuwasingizia panya, lakini panya gani angebeba kipande kizima? "Nimempa fundi cherehani, akamwogeshe mtoto. Lakini shangazi, si tuliipika? Iive mara ngapi?"

Shangazi alimega kipembe cha sabuni. "Gusisha ncha ya ulimi."

"Tunakula sabuni siku hizi?"

"Gusisha!"

Ulimi ulimwasha mpaka akaruka.

"Maji ya majivu tuliyoipikia bado ni makali humo ndani. Moto unaipika, ila upepo ndio unaoiivisha, wiki kadhaa. Ikiacha kuuma, ndiyo imeiva. Sasa fikiria ngozi ya kichanga!"

Kiherehere hakusubiri amalize. Alitimua mbio hadi kwa jirani. Mtoto alikuwa tayari ndani ya beseni, na mama yake ameishika sabuni.

"Mama, usimpake! Nimekosea, haijaiva!"

Aliirudisha karakanani akihema, aibu imemjaa.

"Umesema ukweli mapema, umemwokoa mtoto," shangazi alimwambia. "Lakini neno usipolielewa, uliza kabla hujatenda. Watu wanauamini muhuri wa babu yako bila kuionja sabuni."

Kiherehere aliinamisha kichwa. "Na mimi, shangazi, nimeiva?"

Shangazi alimtazama, akacheka. "Wewe? Panda rafu ya juu."