Timu Ilishinda, Fundi Akaliwa

Fundi alikuwa akivuta mikanda ya kochi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika simu. Mkanda ukalegea. Akauvuta upya, ukalegea tena.

"Baba Watoto, weka hiyo simu chini," mkewe alisema kutoka kwenye cherehani. "Kochi linatakiwa keshokutwa, na sponji hatujanunua."

"Nimeibiwa!" Fundi alisimama, akaketi, akasimama tena. "Jana nilibeti mpira wa kikapu. Timu yangu imeshinda 81 kwa 76, eti nimeliwa! Leo inacheza tena. Naweka hela ya sponji, narudisha yote."

Mkewe akasimamisha cherehani. Hela ile ilikuwa ya mteja.

"Ukiliwa tena, mwenye kochi akalie mbao?"

Dada wa mkewe alikuwa amekuja kuchukua mapazia yake. Zamani alikuwa karani wa duka la kubeti.

"Shemeji, nionyeshe tiketi." Akaisoma. "Hukuibiwa. Ona hapa: toa nane. Hii ndiyo handikapu. Timu yako inakatwa pointi nane kwanza. 81 toa 8?"

"Sabini na tatu."

"Wenzao wana sabini na sita. Umeliwa."

"Lakini imeshinda!"

"Uwanjani, ndiyo. Kwenye tiketi ilitakiwa ishinde kwa zaidi ya nane."

"Huo ujanja tu."

"Haya, tushindane kupigilia misumari, mkeo akihesabu hadi thelathini."

Fundi alicheka. "Wewe? Utapigilia vidole!"

"Sawa. Ila mimi naongezewa minane ya bure."

Mkewe akahesabu. Nyundo zikalia. Fundi alipigilia kumi na miwili. Shemeji yake alipigilia sita, na kidole kimoja akakitia mdomoni.

"Sita na nane?" aliuliza.

"Kumi na nne," Fundi alijibu polepole. "Mimi nina kumi na miwili."

"Basi fundi ni wewe, lakini aliyekubetia kaliwa."

Fundi akaanza kutembea huku na huku. "Sasa nimeelewa! Leo nachukua timu dhaifu, iongezewe pointi!"

"Taratibu, shemeji. Duka linapanga namba hiyo ili pande mbili zikaribiane, iwe kama kurusha sarafu. Lakini ukiweka mia ukashinda, unapata faida ya tisini. Ukishindwa, mia yote imekwenda. Rusha sarafu hiyo mwaka mzima. Nani atabaki na hela?"

Fundi akaketi. "Duka."

"Nimekaa dirishani pale. Wanaojua handikapu na wasiojua, wote walirudi kutafuta walichopoteza."

Nje majirani walianza kupiga kelele. Mechi ilikuwa inakaribia. Fundi aliitazama simu, kisha akamsukumia mkewe.

"Mtumie muuza sponji hela yake. Haraka, kabla sijageuka."

Mkewe hakungoja. Alituma palepale.

Sponji ililetwa jioni. Fundi aliipima, akachora mstari kwa chaki. Mara mbili alifika mlangoni, mara mbili akarudi.

"Nani anaongoza?" mkewe alimtania.

"Sijui. Na inaniwasha!"

Mkewe alicheka, akashika upande wa pili wa sponji. Giza lilikuwa linaingia, na kisu kilikuwa kikicheza mkononi mwa Fundi. Akakiweka chini.

"Tutakata kesho," alisema, "mkono ukitulia."