Neno Alilopewa Mama Mdogo

Siku mama yangu alipoanza kututoka, alikuwa ameketi mbele ya chungu cha mawese, mwiko mkononi. Kila asubuhi yeye na mama mdogo Mariyamu walichemsha machikichi, wakayatwanga, wakayakamua mafuta. Mimi nilichochea moto. Asubuhi ile nilisikia harufu ya mafuta yanayoungua. Mama alikuwa amelala hapo hapo alipokaa, macho nusu wazi.

"Wewe Biasha!" mama mdogo alimpigia kelele. "Unapika mawese au unachoma mkaa?"

Mama alishtuka, lakini hakujibu. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa maana mama hakuwahi kukosa jibu kwa mke mwenzake. Tangu baba yetu Swedi afariki, wanawake hao wawili walibaki katika ua mmoja hapa Rumonge, kando ya ziwa, na haikupita siku bila kutupiana maneno.

Wakati ule Wadachi walipotutawala, ugonjwa wa malale ulikuwa umeenea ufukweni. Watu walifyeka vichaka ili mbung'o wanaoueneza wakose pa kujificha, na wagonjwa walipelekwa kambini kuchomwa sindano. Feruzi, msaidizi wa daktari, aliipapasa shingo ya mama akakuta tezi zimevimba.

"Ni malale, dada," alisema. "Sindano imesaidia wengi. Lakini sikufichi, wengine imewapofusha. Na ugonjwa ukifika kichwani, mtu husema asiyoyajua."

Mama alilitazama ziwa. Kisha akasema, "Basi nitasema sasa, ningali najua ninachosema."

Ijumaa baada ya sala aliwaita watu uani: shehe Hadji, Feruzi, na mjomba Asmani, kaka yake, aliyekuja kutoka Gitaza na kapu la ndagala, dagaa wa ziwa letu. Tulidhani atagawa vyungu na mikeka yake, kama wasia wa watu wote. Hakutaja hata chungu kimoja.

"Nitakwenda kambini, nitachomwa sindano," alisema. "Macho yangu yakianza kuingia ukungu, sindano iachwe, hata ikiwa ni kufa. Nataka kuwaona mpaka mwisho. Siku nitakaposhindwa kumtambua binti yangu huyu, Zena, nirudisheni hapa, nifie penye sauti ya ziwa. Huko mbele nitalia, nitatukana, nitageuza maneno. Msiyafuate. Neno langu ni hili la leo. Na atakayenisemea ni Mariyamu."

"Unajiitia kifo!" mjomba alifoka. "Tena mke mwenzako? Na mimi kaka yako nipo?"

"Kaka, wewe nikikohoa tu unalia. Utanihurumia mpaka usahau nilichokuomba. Huyu hajawahi kunidanganya. Akisema mchuzi wangu hauna chumvi, kweli huwa hauna."

"Na wa jana haukuwa nayo," mama mdogo alisema.

Watu walicheka, na mama akawapita wote kwa kicheko. Mimi nilishikwa na mshangao ambao haujaniisha hadi leo. Mama alizitaja siku ambazo hatakuwa na akili zake kwa utulivu, kama mtu anayefunga mizigo ya kuvuka kwenda kwenye milima ile ya ng'ambo ya ziwa.

Mwanzoni sindano ilimpa nguvu. Halafu siku moja, tukiwa kambini pamoja na mjomba na shehe Hadji waliokuja kumjulia hali, aliuliza, "Nani amewasha moto wenye moshi hivi?" Hapakuwa na moto wala moshi.

Mama mdogo alimwita Feruzi hapo hapo. "Macho yake yameingia ukungu. Sindano iachwe."

"Isiachwe!" mjomba alisema. "Ikiachwa atakufa. Muulizeni mwenyewe!"

Mama, ambaye ugonjwa ulikwisha kumchanganya, alimnyooshea mama mdogo kidole. "Huyu ananiua! Siku zote ameitaka nyumba yangu. Nichomeni sindano!"

"Mmesikia?" mjomba alisema.

Machozi yalimtiririka mama mdogo. Angekubali sindano iendelee, hakuna ambaye angemlaumu. Akapiga magoti, akaishika mikono ya mama. "Nitukane, Biasha. Uliniambia utatukana." Kisha akawageukia wengine. "Neno lake ni lile la Ijumaa. Nyote mlilisikia."

Shehe Hadji aliinamisha kichwa kukubali. Feruzi alimweleza daktari, na sindano ikaachwa.

Ukungu haukuzidi. Mama aliendelea kutuona. Siku aliponitazama kwa tabasamu na kuuliza, "Mtoto mzuri huyu ni wa nani?" tulimrudisha nyumbani. Alifia uani, uso wake ukielekea ziwani, kichwa chake mapajani mwa mama mdogo. Na huyo ndiye aliyemwosha.

Baada ya mazishi mjomba Asmani alikaa nasi, kapu lake tupu miguuni.

"Shemeji, nilidhani kumpenda mgonjwa ni kumwamulia," alimwambia mama mdogo. Kisha akanigeukia. "Zena, shika hili. Mtu aseme matakwa yake angali na akili timamu, mbele ya mashahidi. Kusema si kuita kifo. Na achague wa kumsemea kwa uwezo wake wa kulibeba neno, si kwa wingi wa machozi yake. Mama yako alituwekea njia. Bila hiyo tungegombana juu ya mwili wake."

Sasa mama mdogo ndiye anayepika mawese, nami nakoroga. Yeye pia amekwisha kutoa wasia wake. Atakayemsemea ni mjomba Asmani.