Abiria wa Pijo ya Kombewa

Jua lilikuwa linashuka nilipoingia Kombewa kuchukua gari. Shughuli ndogo tu. Nikabidhiwe ufunguo, nigeuze, nirudi Kisumu kabla giza halijakolea.

Kwa wasionijua, mimi ni Dalmas. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, lakini nipe gari kuukuu lolote, hata lililogeuka banda la kuku, nami nitalirudisha barabarani. Miaka ile ya sitini na kitu, sisi watu wa magari tulikuwa tunakutana gereji ya Mhindi Gurdial, nyuma ya soko la Kibuye, kubishana nani ana injini safi na nani ameuziwa kutu iliyopakwa rangi. Mimi ndiye niliyefufua Anglia ambayo wenzangu walikuwa wameshaikatia tamaa. Akibisha mtu, mwambieni aje.

Nina tabia moja. Nikishika usukani sinyamazi. Hata nikiwa peke yangu naliongelesha gari, naitangaza barabara: sasa tunapanda, sasa tunashuka, sasa tuko Otonglo, tazama inavyokwenda, na mwenzetu Opiyo alisema haitafika. Gurdial alikuwa akisema, "Dalmas, gari yako hapana taka honi. Mdomo yako iko."

Gari la safari hii halikuwa la kujionyesha. Mke wangu, Elsie, alikuwa na mimba kubwa. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na ya pili iliharibika barabarani, ndani ya gari langu lililozima kwenye mvua. Kuhusu hii ya tatu aliniambia mara moja tu, huku anachambua mchele, bila kuniangalia.

"Huyu naye akifia kwenye mabati yako, Dalmas, mimi narudi kwetu."

Basi nilipotumiwa habari kwamba Nicodemus wa Kombewa anauza Pijo yake, ile 404 ndefu ya safu tatu za viti, sikuuliza sana. Ingawa mimi na Nicodemus tulikuwa hatupatani kabisa. Aliwahi kuniita fundi wa kupaka kutu mbele ya watu. Nami mbele ya watu walewale nikasema anakanyaga klachi kama anayeua nyoka.

Gurdial alinionya. "Yule mutu hapana penda wewe. Kwa nini nauzia wewe kitu mzuri?"

"Kwa sababu hajui kuitunza," nikamjibu.

Nilimkuta amesimama mlangoni kwake. Pijo ilikuwa imeshageuzwa, pua inaangalia barabara. Akanirushia ufunguo kutoka palepale mlangoni; nikafungua boneti, nikawasha, nikasikiliza. Injini ilikuwa inacheka. Bodi ina kutu chini ya milango, hiyo ni kazi ya siku mbili. Juu kwenye keria kulikuwa na mikwaruzo ya kamba, kama ilibeba kitu kirefu, kizito. Nikafungua mlango wa nyuma.

Kiti cha dirishani, upande wa kulia, kilikuwa kimelowa.

Na harufu... dawa fulani kali, ya kuwasha pua. Chini yake harufu ya tope la mto.

"Hii nini?"

"Mvua," Nicodemus akasema. "Raba ya dirisha imekufa."

"Mvua haijanyesha wiki nzima."

"Unataka gari ama unataka hadithi?"

Hakusogea. Pesa nilimpelekea palepale mlangoni.

"Mbona unaliogopa gari lako?"

"Si langu tena. Nimelichoka, kama nilivyokuchoka wewe."

"Si ungemwuzia Opiyo?"

"Opiyo ni bubu akiendesha." Akatabasamu, na tabasamu lenyewe sikulipenda. "Gari hili linataka mtu wa maneno."

Nikadhani ni sifa.

Nilipokuwa natoka, mke wake, Dorca, alikuwa anaingiza mbuzi. Gari lilipompita akageuza uso ukutani. Alibaki hivyo hivyo mpaka nikaingia barabarani.

"Haya mama," nikaiambia Pijo, "tunaiacha Kombewa. Nicodemus atajuta."

Ilikwenda vizuri. Tulipofika Holo nikatangaza Holo. Nyuma yangu springi za kiti zikalia.

Taratibu. Kama mtu anayejikalia vizuri.

Gari kuukuu lina milio yake, nikajiambia. Nikafungua dirisha, maana ile harufu ilikuwa imepanda. Kisha nikanyamaza. Fundi akisikia mlio asioujua hunyamaza ili ausikilize. Injini ikakohoa. Taa zikafifia. Ikakohoa tena, gari likapunguza mwendo lenyewe, na katika ule ukimya...

"Tumefika wapi?"

Sauti ya mwanaume. Ya chini. Imechoka sana.

Sikugeuka. Ninyi mnaosema mngeruka, rukeni. Mimi gari silitupi, na hili lilikuwa la Elsie.

"Ki... Kisian," nikasema. "Tunakaribia Kisian."

Taa zikarudi. Injini ikashika.

Nikajaribu kunyamaza tena. Ikakohoa papo hapo. Basi nikasema. Nilisema kuliko siku zote za maisha yangu. "Hii ndiyo njia panda. Sasa hili daraja. Tunavuka mto, mto wenyewe ndio huu, maji ni machache. Tumeshavuka."

Nyuma yangu mtu akashusha pumzi. Ndefu. Kama aliyekuwa ameibana kwa muda mrefu.

Nikasema Otonglo. Nikasema Obunga. Nilikuwa nimepanga kuliacha gari gerejini, lakini lango la Gurdial lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Halafu tukaingia mjini kwenye taa, watu wanachoma mahindi, redio zinalia, na ile harufu ikapotea. Nikathubutu kutazama kwenye kioo.

Kiti kitupu.

Nikajicheka. Dalmas mzima, kuogopeshwa na springi. Mpaka naingia mtaani kwetu Kaloleni nilikuwa nimeshapata moyo, na mbele ya nyumba nikafanya kama kawaida yangu. Nikapiga honi mbili, nikashuka, nikaligonga paa kwa kiganja, nikasema kwa nguvu ili majirani wasikie:

"Tumefika nyumbani."

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Polepole. Kisha ukafungwa kwa adabu, kama mgeni anavyofunga.

Elsie alikuwa mlangoni na taa ya chemni. Nilimwona akisogea pembeni na tumbo lake, kama mtu anayempisha mwingine apite.

"Ungeniambia unakuja na mgeni," akanong'ona kwa hasira. "Mzee wa watu amelowa hivi. Na hata hasalimii."

Ndani hakukuwa na mtu. Sakafuni, kutoka mlangoni mpaka chumba chetu cha kulala, kulikuwa na maji.

Asubuhi nikarudi Kombewa mbio. Pijo ilikwenda kimya kabisa na mimi nimefunga mdomo, haikukohoa hata mara moja. Nicodemus aliposikia mlio alitoka, na mara hii alikuja mpaka garini. Akafungua mlango wa nyuma. Akaweka kiganja kwenye kile kiti.

"Kikavu," akasema. Akacheka kidogo, kwa pua. "Ameshuka."

Nikamkaba shati. "Nani ameshuka?"

"Niachie nikueleze. Ama niue, halafu ukamwulize yeye."

Nikamwachia.

"Nyangweso," akasema. "Mtu wa Pap Onditi. Alifia Kisumu, nikakodiwa kumpeleka. Desturi unaijua. Maiti anaelezwa njia. Mmoja anakaa naye, anamwambia tumefika hapa, tunavuka mto huu, mpaka nyumbani. Walimpa kazi hiyo mdogo wake. Tulipofika daraja la Nyando ndugu wakaanza kupigana humu ndani kwa ajili ya mjane. Mdogo mtu akawa anatukana badala ya kusema njia. Daraja likapita. Hakuna aliyemwambia."

"Nanyi mkazika."

"Tulizika mwili. Mwenyewe alibaki kwenye kiti. Nimempeleka mpaka kaburini kwake, nikamwambia shuka, hapa ni kwenu. Hashuki. Haniamini. Anamwamini tu mtu wa kumsemea njia yote, mto kwa mto." Akanitazama juu mpaka chini. "Nikakumbuka nani katika nchi hii hawezi kunyamaza hata akilipwa."

"Mke wangu ni mjamzito, Nicodemus."

"Mimi nilikuuzia gari. Aliyemwambia amefika ni wewe."

Nilimpiga. Sisemi kwa sifa, jino lilitoka. Alitema damu, bado anacheka. "Piga tu. Mimi nyumbani kwangu sasa kukavu."

Elsie alijifungua salama. Pijo ilimfikisha hospitali kama inavyotakiwa, siwezi kuidhulumu kwa hilo. Mtoto wa kiume, mkubwa, mzima. Lakini alilia. Alilia mchana na usiku, haonji ziwa. Mama yangu akaja kufanya inavyofanywa, kumtajia mtoto majina ya wafu wetu mpaka anyamaze likitajwa lake. Alitaja ya upande wa baba. Akataja ya upande wa mama, mpaka ya watu ambao hakuna aliyewaona. Mtoto alizidi. Midomo ikaanza kugeuka rangi.

Elsie akanitazama. Tangu usiku ule alikuwa hajanitazama hivyo.

"Mgeni wako anaitwa nani?"

"Elsie, hapana."

"Anakufa. Taja."

Nikainama sikioni mwa mwanangu. Nikasema kidogo sana.

"Nyangweso."

Akanyamaza.

Akafumbua macho, akashusha pumzi. Ndefu. Ile ile.

Sasa ameanza shule. Ni mtoto mtulivu, ana akili kuliko mimi, na Elsie humwosha na kumlisha, ila hambebi. Akipanda gari hukaa nyuma, dirishani, kulia. Kiti nimekibadilisha sponji na ngozi kwa mikono yangu. Kinalowa. Mtu mmoja, Walubengo wa Kakamega, alikuja kuinunua Pijo, na homa ikampanda mtoto mpaka yule mtu alipokata tamaa akaondoka. Mimi naongea nikiendesha, watu wanacheka, wanasema Dalmas amezidi. Kupita Ahero sijawahi kumpeleka. Pap Onditi ni mbele tu ya lile daraja la Nyando.

Jumapili iliyopita, magharibi, nilisikia sauti uani. Pijo ilikuwa imeegeshwa, milango imefungwa, na ndani yake mtoto amekaa peke yake, mikono magotini, anaangalia mbele.

"Sasa tuko Ahero," alikuwa anasema, taratibu, bila kukosea. "Sasa tunakaribia daraja."

Nikamtoa. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa mpaka kwenye kiwiko. Hakukataa. Alinitazama tu kwa huruma, kama unavyomtazama dereva ambaye huna haja naye tena.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Gari halikuwa limetoka siku nzima.

Nikaweka kiganja kwenye boneti.

Ilikuwa ya moto.