Mama Apumzike

Kisomabongo kilizunguka kichwa cha Bi Mwantumu taratibu, kikavuma, kisha kikauchora ubongo wake hewani, mkubwa kama meza ya chakula. Mashine hiyo husoma mazoea ya mtu ya miaka mingi, usingizi wake, mwendo wake, maongezi yake, na namna yalivyouacha ubongo. Penye uhai huwaka njano. Kwa Bi Mwantumu njano ilibaki pembeni tu, katikati kote kiza.

Mwanawe wa pekee, Mbaruku, alikodoa macho asiamini. Yeye ni mhandisi, tena si wa kubahatisha. Roboti-walezi waliojaa Tanga nzima aliwabuni yeye, na wa kwanza kabisa, Tulizo, alimpa mama yake.

"Ilianza lini, daktari?"

Daktari Semkiwa alirudisha picha nyuma, mwaka baada ya mwaka. Kiza kikapungua, hadi ubongo wote ukawaka. "Hapa bado mzima. Mama alikuwa akifanya nini wakati huo?"

"Alikuwa akiuza vitumbua Ngamiani. Anaamka alfajiri, anakuna nazi, anatembea na beseni mtaa kwa mtaa. Mdomo haupumziki! Anamjua kila mteja na ukoo wake."

"Halafu?"

Mbaruku akamweleza. Halafu akamletea Tulizo. Sasa angefanyaje? Mtoto kafanikiwa, mama bado anakuna nazi, uso wake angeuweka wapi? Mama apumzike, alisema, na mtaa mzima ukampongeza. Tulizo akapika, akafagia, akaenda sokoni, akaongea na wageni mlangoni, hata majina ya wajukuu wa jirani akayakumbuka kwa niaba yake. Mama akakaa kwenye kochi. Weee, alikaa!

"Umri upo, na damu ya ukoo ipo," Semkiwa alisema kwa upole. "Siwezi kukwambia ni hilo peke yake. Ila mazoea yale yalikuwa yakimkinga, nasi tukayaondoa. Nasema sisi, kaka. Hata mama yangu nilimnunulia mmoja wa roboti wako."

"Na palipozimika?"

"Hapawaki tena."

Moyo ulimuuma Mbaruku, lakini hakukubali. Walipofika nyumbani alimzima Tulizo, akamfungia stoo. Akaitoa mbuzi ya kukunia nazi uvunguni, akaifuta vumbi, akamketisha mama juu yake na kumpa nazi iliyovunjwa.

"Kuna, mama. Kidogo tu. Mimi hapa, Mbaruku wako."

Vidole vya Bi Mwantumu viliipapasa nazi. Vikaigeuza, vikaiegemeza kwenye meno ya mbuzi, na chembe nyeupe za nazi zikaanza kudondoka. Mbaruku alishindwa kujizuia, akacheka huku machozi yanamtoka.

Mara mama akasita. Akatazama mlangoni kwa hofu, akamrudishia ile nazi haraka.

"Ifiche, baba," alinong'ona. "We kijana wa watu hujui. Mwanangu akinikuta nayo atanigombeza. Kasema nipumzike."