Nusu Karanga na Daraja la Ukungu

Kisa hiki ni cha kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Akitokea mtu akakuta humu uongo, hata mwembamba kama unywele, mwandishi ataosha vyombo vya nyumba nzima wiki mbili bila kununa.

Kila siku akimaliza kazi za shule, Daktari alikwenda kwenye banda la gemu la shangazi yake. Jina hilo alilipata kwenye gemu la Wanne wa Ukungu, ambalo lilikuwa na sehemu tatu, vitabu vya katuni na hata filamu. Wachezaji wanne walipambana bega kwa bega na majitu ya chuma. Mmoja akianguka, sharti mwenzake aache kupiga risasi, apige magoti, amwinue. Wenzake walipenda kushambulia. Yeye alipenda kuinua.

"Ana huruma huyu!" watu walisema. Hawakujua kwamba majitu ya mbali aliyaona kama moshi tu. Aliyeanguka miguuni pake ndiye pekee aliyeweza kumwona.

Jumamosi kulikuwa na mashindano. Siku tatu kabla, mazoezini, wenzake wote watatu walianguka kwenye daraja la mwisho. Akabaki peke yake.

"Kushoto, Daktari! Kushoto!"

"Lile pale, kubwa kama nyumba! Piga!"

Alikodoa macho mpaka machozi yakamtoka. Hakuona kitu. Jitu likamfagia kama takataka.

"Ulikuwa umelala?"

"Kitufe kimekwama," alisema haraka.

Rimoti ya kuchezea ikapelekwa kwa babu yake, fundi redio mstaafu, mzee mwerevu mwenye sura ya kupendeza. Aliifungua, akaikagua, akasema papo hapo, "Hii ni nzima. Mpimeni mtoto macho." Hakuna aliyemsikiliza. Lawama zikamwangukia mwenzao aliyeitwa Karanga, kwa kuwa mfuko wake haukukosa karanga.

"Nilikukataza kula humu!" shangazi aliwaka. "Usikanyage hapa tena!"

"Shangazi, nilinawa mikono, haki ya nani!"

"Nje!"

Siku mbili Karanga alisimama dirishani akichungulia. Ndani, wenzake walikaa bure, maana mlango wa kwanza wa gemu hufunguliwa na wanne tu. Kila Daktari alipotaka kusema ukweli, swali moja lilimzuia. Wakijua haoni, si watamtoa timuni? Akajiambia, kesho.

Ijumaa shangazi aliwawekea watoto filamu ya gemu hilo. Maneno yalikuwa ya kusoma, chini ya picha.

"Daktari, wasomee wadogo zako."

Akiwa benchi la nyuma, aliona mstari mweupe tu. Askari mmoja alikuwa akimlilia mwenzake aliyekufa. Daktari akabuni: "Karibuni chakula, kimeiva!"

Banda zima likaangua kicheko. Akabuni tena, wakacheka zaidi. Shangazi peke yake hakucheka. Alikwenda mlangoni, akanyoosha mkono juu. "Vidole vingapi?"

Daktari alinyoosha shingo, akafinya macho.

"Shangazi," Daktari alilia, "kitufe hakikukwama. Mimi sioni."

"Na mimi je?" sauti ilitoka dirishani. "Siku mbili nimening'inia hapa kama kasuku!"

Shangazi alitoka nje. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza." Daktari naye akaomba radhi, kamasi zikimtoka.

Miwani ilichukua wiki nzima kutengenezwa. Jumamosi walicheza bila hiyo, Karanga akimnong'oneza Daktari, "Juu kidogo, sasa!" Wakashindwa palepale darajani.

Shangazi akawakalisha. "Kwenye gemu, Daktari, ukianguka unapiga kelele wenzako waje. Mbona huku nje ulinyamaza? Mwili ukiwa na shida, sema mapema. Ulipoificha kwa uongo, ukamwangusha mtu ambaye hakuna wa kumwinua."

Kisa kingeishia hapo, kama Daktari asingepata miwani. Sasa anasoma kila kitu, hata karatasi hizi, juu ya bega la babu yake anayeziandika.

"Babu! Eti ulisema rimoti ni nzima? Wewe ndiye uliyetoa nusu karanga, ukaapa umeikuta ndani na sisimizi wanne wakiilinda!"

Mwandishi alikohoa. "Ilikuwa mfukoni mwangu," alikiri. "Nilishindwa kuona ubovu, nikaona aibu kusema."

Leo ni siku yake ya tatu kwenye beseni la vyombo. Karanga alipoombwa radhi alisamehe mara moja, kisha akaenda kuleta na masufuria ya kwao.