Tambuu ya Nyumba ya Nne

Zama zile mji wa Kiwamani ulipokuwa na malkia, na malkia akiwa na kiti lakini hana kauli ya mwisho, adui aliuzingira siku arobaini. Amiri wa majeshi akafa ukutani kwa mshale wa shingoni. Malkia, Mwana Zenabu, akamteua Sadiki mhunzi ashike nafasi yake, maana ndiye aliyeulinda mlango wa kaskazini tangu mwanzo.

Lakini sheria ya Kiwamani ilitaka mteule avue silaha, aketi barazani, na sinia ya tambuu ipitishwe kwa wakuu wa nyumba nne. Anayetafuna amekubali. Mteule hanyanyuki mpaka wa mwisho atafune. Waziri Makame, aliyetumwa kuwabembeleza wakuu, alikuwa ameitumikia sheria hiyo miaka thelathini, na aliipenda kuliko alivyowapenda watu wengi.

Watatu walitafuna asubuhi. Wa nne, Mwinyi Shekuwe, aliirudisha tambuu yake siniani.

"Mhunzi!" alisema. "Babu yake aliingia mji huu na nyundo begani. Leo wajukuu zangu wampigie magoti?"

"Wajukuu zako wako hai kwa sababu yake, Mwinyi."

"Na mpwa wangu je? Ana jambia la fedha."

"Analo," alijibu Makame, "ila hajawahi kulichomoa."

Baraza zima likaangua kicheko. Hapo hapo Makame akatamani kuumeza ulimi wake, maana Mwinyi Shekuwe alifura, akageukia ukutani. Adhuhuri yote ikapotea katika kumwomba radhi.

Alasiri vishindo vikasikika upande wa kaskazini. Sadiki akainua kichwa.

"Bwana Waziri, mlango unavunjwa. Niruhusu niende."

"Ukinyanyuka, uteuzi umebatilika, na askari wa nyumba ya nne hawatakufuata. Vumilia kidogo, mwanangu."

Sadiki akavumilia. Makame, na joho lake la uwaziri, akapiga magoti mbele ya Shekuwe. Hakuwa na aibu tena. Alikuwa na hofu tu.

"Mpwa wako achukue uwaziri wangu. Na kilemba hiki, leo hii."

Mzee akageuka. "Mbele ya mashahidi hawa?"

"Mbele yao."

Basi akaichukua tambuu, akaitafuna polepole, kama mtu aliyemaliza kula pilau. Siwa ikapulizwa. Sadiki akapewa upanga wake, akatoka mbio, na askari wa nyumba zote nne nyuma yake. Hawakufika mlangoni. Adui walikuwa wameshajaa mtaani, na amiri mpya akauawa kwenye kona ya kwanza.

Waliokimbia walikwenda na orodha ya maamiri wa Kiwamani. Jina la Sadiki ni la mwisho, na chini yake imeandikwa kwamba aliteuliwa kwa haki, kwa ridhaa ya nyumba zote nne. Makame aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake, uhamishoni. Kila aliyemsifu kwa kutovunja sheria, Makame alimwomba anyamaze.